Kusoma hadithi na mashairi kwa kikundi kwa wenye magonjwa ya akili: tathmini ya huduma

"Tiba kwa vitabu" ni jina moja linalobeba huduma nne zisizofanana. Mgonjwa au ndugu yake akiambiwa "hapa kuna kikundi cha kusoma", aulize kwanza ni ipi kati ya hizo. Ipo ya kuandikiwa kitabu cha kujisaidia kama mtu anavyoandikiwa dawa, akakisome nyumbani. Ipo klabu ya vitabu ya kawaida, ambapo kila mmoja husoma peke yake kisha watu hukutana kujadili. Ipo tiba ya ushairi, ambapo mtaalamu hulitumia shairi kama njia ya kumfikisha mtu kwenye jambo lake mwenyewe. Ya nne ni kusoma papo hapo: hadithi au shairi husomwa kwa sauti ndani ya kikao, hakuna aliyelipitia kabla isipokuwa mwezeshaji, na mazungumzo huzuka katikati ya usomaji. Tathmini hii ni ya hiyo ya nne. Nyingine tatu zitaguswa pale ulinganisho unapohitajika.

Sababu ya kuichagua ni nyepesi. Sonona, skizofrenia (ugonjwa unaovuruga fikra na hisi) na dawa zake humwondolea mtu uwezo wa kukaa na ukurasa. Anasoma mstari mmoja mara tano na haumwingii, au anafika mwisho wa aya akiwa amesahau mwanzo wake. Huduma inayoanza kwa kumwambia "soma sura tatu kwa ajili ya wiki ijayo" imeshamwacha nje ya mlango. Klabu ya kawaida humwacha hivyo. Kitabu cha kuandikiwa nacho humwacha hivyo, ingawa kina sifa zake: mpango wa Wales ulioanzia Cardiff mwaka 2003 chini ya Neil Frude, na ule wa Uingereza wa Reading Well ulioanza 2013, ilichagua vitabu vinavyofuata mbinu za tiba ya fikra na tabia, na kwa sonona au wasiwasi wa kiwango cha chini na cha kati msingi wake wa utafiti ni imara kuliko wa kikundi chochote cha hadithi. Anayeweza kusoma peke yake na anataka mbinu za kufuata hatua kwa hatua, aende huko bila kusita. Aliye wodini, au aliyetoka juzi, hatafika ukurasa wa kumi.

Wazo lenyewe si geni. Neno la Kiingereza linalounganisha vitabu na tiba lilichapishwa mwaka 1916 katika jarida la The Atlantic Monthly na Samuel Crothers, tena kwa nusu utani. Kuanzia 1924, mkutubi Sadie Peterson Delaney aliendesha kazi hiyo bila utani wowote katika hospitali ya askari wastaafu Weusi huko Tuskegee, Alabama, na miongoni mwa wasomaji wake walikuwemo waliovunjika akili. Mtindo wa kusoma papo hapo unaojulikana zaidi leo ulitokea eneo la Liverpool, kwa Jane Davis na shirika la The Reader. Lilianza kama jarida mwaka 1997, na mapema miaka ya 2000 likageukia vikundi vya watu wa kawaida. Sasa linapeleka vikundi hospitalini, magerezani na maktabani.

Kikao chenyewe

Kikao kilichopangwa vizuri huchukua dakika 90. Watu ni kati ya 6 na 10. Wakipungua chini ya wanne, kila mmoja anahisi anadaiwa maneno. Wakizidi kumi na wawili, wapole hupotea. Siku haibadiliki, saa haibadiliki, chumba hakibadiliki. Hili la mwisho wasimamizi wa hospitali hulidharau, halafu hushangaa kwa nini mahudhurio yameshuka nusu baada ya kikundi kuhamishiwa "kwa muda" kwenye ukumbi wa kulia chakula.

Kila anayeingia anapewa karatasi ile ile, awe anajua kusoma au hajui. Asiyejua kusoma ana haki ya kushika karatasi kama wenzake, na huwezi kumtambua. Mwezeshaji anaanza kusoma mwenyewe, kwa mwendo wa maneno 120 hadi 130 kwa dakika, polepole kidogo kuliko sauti ya redioni. Hesabu ifanywe mapema. Hadithi ya maneno 3,000 huchukua takribani dakika 25 ikisomwa mfululizo, na kwa vituo na mazungumzo itafika saa nzima. Dakika 30 zinazobaki ni za shairi moja. Mwezeshaji anayeleta hadithi ya maneno 6,000 ataimaliza kwa mbio, na watu wataondoka wamesikia hadithi lakini hawakuizungumza.

Kituo cha kwanza kije mapema, ndani ya dakika tano. Kisije mwisho wa aya kwa sababu tu ni mwisho wa aya, bali pale jambo limetokea au limeachwa bila kusemwa: mtu amefunga mlango bila kujibu, mama amekunja barua na kuirudisha kwenye bahasha. Hapo mwezeshaji anainua macho na kukaa kimya. Sekunde kumi za kimya ni ndefu mno kwa anayeongoza na ni fupi mno kwa mwenye sonona, ambaye mawazo yake huja kwa mwendo wa taratibu na ndiyo kwanza ameanza kulitafuta neno. Wawezeshaji wengi wapya hukijaza kimya hicho katika sekunde ya tatu. Kwa kufanya hivyo, kila wiki humnyang'anya zamu mtu yule yule.

Shairi lisomwe mara mbili, na sauti mbili tofauti. Mara ya kwanza watu husikia mwendo, na maana huanza kuwafikia mara ya pili. Baada ya mazungumzo lisomwe tena mara ya tatu kabla ya kufunga, na hiyo ya tatu husikika kama shairi jingine. Ukitaka kujua kama kikao kimefanya kazi, iangalie hiyo mara ya tatu: watu hufuata kwa midomo.

Maswali, na mahali yanapovunja kitu

Ubora wa huduma hii unaonekana hapa kuliko kwingine kokote. Swali baya kabisa ni lile linalosikika la huruma kuliko yote: "Je, hili linakukumbusha nini katika maisha yako?" Linamtoa mtu ndani ya hadithi na kumweka mbele ya wenzake akiwa hana pa kujisitiri. Anayo majibu mawili tu: aseme "hakuna", au aseme kitu ambacho usiku ule atajuta kukisema.

Swali zuri hubaki ndani ya maandishi. Kwa nini hakuifungua barua? Neno hili "alinyamaza", ni kimya cha hasira au cha kuchoka? Nani katika chumba hicho anajua ukweli? Mtu akijibu kwamba mhusika hakufungua barua kwa sababu mikono ilikuwa mizito na alijua kilichomo hata kabla, amesema mengi sana, na amesema juu ya mhusika. Akitaka kuongeza "hata mimi", ataongeza mwenyewe. Asipotaka, hadithi imemsitiri. Sitara hiyo ndiyo huduma yenyewe. Mwezeshaji anayeichana kwa kuuliza "na wewe je?" amebadilisha kikundi cha kusoma kuwa kikundi cha ushauri nasaha, tena bila mshauri.

Tiba ya ushairi huingia makusudi mahali hapo. Arleen Hynes, aliyekuwa mkutubi wa hospitali ya St. Elizabeths huko Washington, pamoja na binti yake Mary Hynes-Berry, waliziandika mwaka 1986 hatua nne za njia yao: mtu hulitambua jambo katika maandishi, hulichunguza, huliweka kando ya jambo jingine na kuyalinganisha, kisha hulihusisha na nafsi yake. Ni njia halali, na inafaa palipo na mtu aliyesomea kuipokea hiyo hatua ya nne inapofurika. Tatizo ni vikundi vinavyojitangaza kuwa vya kusoma tu, vikiendeshwa na mtu wa kujitolea aliyefunzwa siku chache, ambavyo kila wiki husukuma watu hadi hatua ya nne kwa sababu machozi huonekana kama mafanikio.

Mazungumzo yakiyumba, akaanza mmoja kueleza kesi ya mirathi ya shemeji yake kwa dakika nane, dawa ni maandishi. Sentensi moja inatosha: "Turudi kwenye ule mstari wa bahasha, nani atusomee tena?" Hakuna aliyekatizwa; ni hadithi iliyoita. Mwezeshaji mzuri hutumia sentensi ya namna hiyo mara nne au tano kwa kikao, na ndiyo sababu kila karatasi inatakiwa iwe na namba za mistari pembeni. Bila namba, dakika mbili huishia kwenye "ukurasa gani? hapo chini au juu?"

Uchaguzi wa maandishi

Kosa la kwanza ni kuchagua ya kufurahisha. Mtu aliyepitia miezi sita ya giza akiletewa shairi la jua kuchomoza na tumaini kuchanua, husikia kwamba aliyelileta hajui anaongea na nani. Maandishi yenye uzito hubebeka vizuri kwenye kikundi, mradi uzito wake una umbo. Maandishi ya mawaidha nayo hayafai. Yamekuja na jibu tayari, na kikundi hakina kazi ya kufanya.

Kosa la pili ni kuwaletea wagonjwa wa akili hadithi za wagonjwa wa akili, wiki baada ya wiki. Hospitalini wanazungumza ugonjwa kutwa nzima. Waletewe hadithi ya kaka wawili na mashua moja, ya jirani aliyeazima ngazi asiirudishe, ya msichana anayesubiri basi. Ugonjwa ukitaka kuingia humo utaingia bila kualikwa.

Kuna mipaka. Hadithi inayoeleza namna ya kujiua, au inayokipamba kifo hicho kuwa suluhisho tamu, isiingie. Ni tahadhari ile ile ambayo Shirika la Afya Duniani huwapa waandishi wa habari. Kifo, msiba, talaka na upweke vinaruhusiwa. Ukatili wa kingono uingie tu kwenye kikundi cha muda mrefu, kwa taarifa kabla, na mlango ukiwa wazi kwa anayetaka kupumzika nje. Mwezeshaji asome maandishi yote kwa sauti akiwa peke yake kabla ya siku yenyewe. Jicho hupita juu ya vitu ambavyo ulimi hukwama navyo, na sentensi ambayo haikuonekana kuwa kitu kwenye karatasi inaweza kuangukia chumba kizima.

Kwa muundo, hadithi iwe na wahusika wawili au watatu na wakati unaokwenda mbele. Hadithi inayorukaruka miaka huwachosha wenye kumbukumbu iliyodhoofika, wakiwemo waliotibiwa kwa umeme hivi karibuni. Majina ya wahusika yaandikwe ubaoni.

Kuhusu ushairi, wasomaji wa Kiswahili wana faida ambayo vikundi vingi vinaipuuza kwa kukimbilia mashairi huru. Shairi la arudhi, lenye mishororo minne kwa ubeti na mizani 16 kwa mshororo, hubebwa na mwendo wake. Aliyepoteza uzi wa maana bado yumo ndani ya mdundo. Vina vya kati na vya mwisho humwambia sikio lini mshororo unakatika, hata jicho likiwa limechoka. Kibwagizo kinachorudi kila ubeti ni mlango wa kurudia: aliyesinzia, aliyetoka, aliyesikiliza sauti nyingine kwa dakika moja, hurejea pamoja na wote kwenye mshororo anaoujua. Kikundi kinaweza kukisema pamoja kwa sauti moja, na kwa mtu ambaye hajafungua mdomo wiki tatu hiyo ni hatua ndogo yenye uzito. Gharama yake ni msamiati. Maneno ya kale matano kwa ukurasa yanatosha kuua mazungumzo, kwa hiyo maana zake ziandikwe chini ya shairi kwa neno moja moja, na mwezeshaji asiyageuze somo. Shairi huru lina nafasi yake pia, hasa lile fupi lenye picha moja, kwa sababu mapengo yake huleta kimya. Lakini kuanza nalo kwenye kikundi kipya ni kujitafutia "sijaelewa" kumi mfululizo.

Ugonjwa na dawa chumbani

Huduma nyingi hupangwa kana kwamba washiriki ni watu wenye afya walio na huzuni kidogo. Hazijiulizi mwili wa mshiriki umefanywa nini.

Dawa kadhaa za saikosisi (hali ya kupoteza mguso na uhalisia) na baadhi za sonona hufifisha uwezo wa macho kuona vya karibu na hukausha mdomo. Kwa hiyo herufi ziwe za ukubwa wa 14 hadi 16, nafasi kati ya mistari moja na nusu, karatasi isiyong'aa, iliyochapwa upande mmoja. Miwani ya kusomea ya ziada iwekwe mezani, ya +1.5, +2 na +2.5. Jozi tatu hizo huwarudishia kusoma watu ambao wamekuwa wakidai "sipendi kusoma". Maji yawepo mbele ya kila anayesoma kwa sauti. Lithiamu, dawa ya kutuliza mabadiliko ya hisia, na dawa nyingine huleta mtetemeko wa mikono, na karatasi laini hutangaza mtetemeko huo kwa chumba kizima; ubao wa kubania karatasi, au meza, humaliza aibu hiyo.

Zipo dawa zinazoleta hali ya kushindwa kutulia miguuni. Mwenye hali hiyo akiambiwa akae, atakaa dakika kumi za mateso kisha hatarudi tena. Asimame, atembee nyuma ya viti, asikilize. Dawa za usingizi za usiku huburuta hadi asubuhi, hivyo kikao cha saa tatu asubuhi kitakuwa na nusu ya watu wanaosinzia. Saa tano asubuhi au saa nane mchana ni bora. Anayesinzia aachwe asinzie.

Mwenye wasiwasi haogopi kusoma kiasi anachoogopa kusubiri zamu. Usomaji wa kuzunguka duara, kila mmoja aya moja, ni mtindo wa shule na ni mbaya hapa: mtu huhesabu viti, huhesabu aya, huifanyia mazoezi aya yake kimoyomoyo, na hasikii neno lolote mpaka zamu yake ipite. Kusoma kuwe kwa kujitolea siku zote. Swali "nani angependa kuendelea?" liulizwe likielekea mezani, macho ya mwezeshaji yakiwa kwenye karatasi.

Mwenye mania, yaani msisimko wa akili uliopita kiasi, huongea kwa kasi na huchukua chumba. Kumnyamazisha hakufui dafu. Mpe kazi yenye mwisho: ukurasa huu mmoja asome yeye. Maandishi yanampa mwendo ambao mwenyewe hana, na yakiisha zamu imeisha bila ugomvi.

Katika saikosisi kuna mambo mawili ya kuangalia. Moja, mtu anaweza kuamini kwamba maandishi yamechaguliwa kumlenga yeye. Dalili yake ni swali kama "nani amewaambia mlete hii?" Jibu liwe la kweli na la wazi: ilichaguliwa wiki mbili zilizopita, kikundi cha jengo lile kinaisoma pia. Orodha ya maandishi ya mwezi mzima ikibandikwa ukutani mapema, shaka hiyo hupungua sana. Pili, sitiari inaweza kuchukuliwa kama habari. Ikiwa shairi linasema ukuta una macho, na mtu amegeuka kuutazama ukuta, rudi kwenye nani anasema hivyo na yuko wapi, na uache kulieleza. Kwa wanaosikia sauti, kusoma kwa sauti ni mojawapo ya njia ambazo baadhi yao hutumia wenyewe kuzipunguza, na wengine husema kikao ni saa tulivu ya wiki. Wengine hakiwasaidii kitu. Aliye katika kilele cha saikosisi, hajui yuko wapi au ana hofu kali, asiletwe kwenye kikundi mpaka atulie.

Yanayoharibu

Muuguzi anayekaa pembeni akiandika. Huyu ndiye mharibifu mkubwa. Wagonjwa wanajua kila kinachoandikwa kina faili, na watasema yale tu ambayo wangependa yawe humo. Muuguzi aingie kama msomaji, ashike karatasi, au abaki nje ya mlango. Jambo la hatari likisemwa, kama nia ya kujiua, linapelekwa kwa timu ya tiba baada ya kikao na mhusika anaambiwa kwamba linapelekwa. Kanuni hiyo itajwe siku ya kwanza, isigunduliwe siku ya tukio.

Daktari anayeita watu katikati. Kikao kilichokatizwa mara tatu na "fulani, unaitwa" hakirudi mahali pake. Ratiba ya raundi na ya kikundi zipangwe na mtu mmoja.

Wodi ya wagonjwa wa muda mfupi ikipewa riwaya ya wiki kumi na mbili. Mtu anatoka wiki ya pili, mwingine anaingia wiki ya tano, na kila kikao kinaanza na muhtasari wa robo saa. Wodini kila kikao kijitegemee: dakika 30 hadi 45, hadithi fupi sana au mashairi mawili. Riwaya ni ya kikundi cha nje, cha watu wanaokuja mwezi baada ya mwezi, na hapo inafanya kitu ambacho hadithi fupi haifanyi: inampa mtu sababu ya kurudi wiki ijayo.

Mwezeshaji msomi kupita kiasi. Anajua tarehe ya mwandishi na maana ya kila tamathali, na anazimwaga. Baada ya hapo kila mtu anatafuta jibu sahihi machoni pake. Msomi mwenye subira, hata hivyo, ni bora kuliko mkarimu asiyeyajua maandishi, kwa sababu mkarimu huyo akikwama hana mstari wa kurudia.

Fomu ya tathmini yenye nyuso za kutabasamu. Kikao kizuri kinaweza kumwacha mtu mzito na mwenye mawazo kwa saa moja, na uso wa kutabasamu hauna mahali pa kuliweka hilo. Pima mahudhurio ya wiki nane, pima nani alisoma kwa sauti kwa mara ya kwanza na lini. Hizo ni namba zinazosema kitu.

Njia ya video inawezekana kwa watu 5 au 6, kila mmoja akiwa na nakala yake ya karatasi. Maandishi ya kwenye skrini ya simu hayasomeki kwa macho yaliyofifishwa na dawa. Kucheleweshwa kwa sauti huua kibwagizo cha pamoja, na kimya cha video hufanya kila mtu aulize kama mtandao umekatika. Ni huduma ya daraja la pili, afadhali kuliko kukosa kabisa kwa asiyeweza kutoka nyumbani.

Ushahidi ukoje

Usizidishwe. Utafiti unaotajwa sana ni wa Chuo Kikuu cha Liverpool, uliochapishwa 2012, uliofuata vikundi viwili vya watu wenye sonona kwa miezi 12, kimoja katika zahanati ya daktari na kingine katika kituo cha afya ya akili. Dalili za sonona zilipungua. Lakini washiriki walikuwa wachache, walijitolea wenyewe, na hapakuwa na kikundi cha kulinganisha, kwa hiyo mtu hawezi kusema ni hadithi iliyowapunguzia, au ni kukutana kila wiki, au ni muda tu. Chenye faida zaidi katika utafiti huo ni mambo matatu ambayo watafiti waliyaona yakifanya kazi: maandishi yenyewe na mchanganyiko wa nathari na ushairi, namna ya kuongoza, na namna wanakikundi walivyochukuliana mawazo na hata miundo ya sentensi. Lugha ya mmoja huingia mdomoni mwa mwingine. Hakuna utafiti unaoruhusu kuacha dawa kwa sababu ya kikundi cha kusoma, na huduma yoyote inayodokeza hivyo iepukwe siku hiyo hiyo.

Kabla ya kujiunga au kumpeleka mgonjwa

Uliza maandishi husomwa wapi, nyumbani au ndani ya kikao. Uliza kama mtu anaruhusiwa kukaa kimya kikao kizima, na kwa wiki ngapi. Jibu sahihi ni "wiki zote". Uliza nani mwingine yumo chumbani na anaandika nini. Omba kuona karatasi ya wiki iliyopita: ukubwa wa herufi na namba za mistari vitakueleza zaidi ya kipeperushi. Uliza mtu akitoka nje analia, nani anamfuata. Lazima awepo wa pili, kwa maana mwezeshaji hawezi kuwaacha tisa amfuate mmoja.

Mwisho uliza kikundi hufungwaje. Vingi hufa pale ufadhili unapokatika, kwa tangazo la wiki moja, na kwa mtu ambaye hicho ndicho kikao pekee cha wiki alichokuwa akiendea kwa hiari yake, kukatika hivyo ni pigo. Taarifa iwe ya wiki sita angalau. Kikao cha mwisho kisianze hadithi mpya: kila mmoja achague shairi moja kati ya yaliyosomwa, lisomwe tena bila majadiliano, na nakala zote ziende nyumbani pamoja nao.